Mheshimiwa Waziri, njoo Jumapili usiku

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Kaunti ya Kilifi.

KUH: NYUMBA ZA KUTUNZIA WAGONJWA NA WAZEE HAPA MALINDI

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi mjini, mwaka wa kumi na saba huu. Nauza saruji, mabati, rangi, na zaidi ya vyote nauza vigae. Nataja kazi yangu mapema kwa sababu vigae ndivyo vilivyoniponza.

Mamangu ana miaka 74. Mwaka jana alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Hospitali walimtibu wakamaliza, wakaniambia kilichobaki ni fizio, yaani mazoezi ya kuamsha viungo, na uangalizi wa karibu. Kwetu, mtaa wa Barani, choo kilikuwa uani, ngazi mbili za kushuka, na mchana nyumba haina mtu: mimi na baba watoto tuko kazini, watoto shuleni. Nikaanza kutafuta mahali pa kumweka kwa muda, huku khalati mkubwa, dada yake mama, akinikumbusha kila siku kwamba ukoo wetu haujawahi kutupa mtu.

Hapo kuna kichekesho kidogo. Nilipomwambia jirani kwamba mama nampeleka rihabu, alinivuta kando akaniuliza, kwa huruma ya kweli, bi mkubwa alianza unga lini. Sikumlaumu. Malindi ukitaja rihabu watu wanawaza vijana wa heroini na kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha. Ukisema nasing homu wanawaza mahali pa kujifungulia. Mahali pa kumrudishia mtu mzima mkono na mguu wake hapana jina mjini hapa, na nadhani ndiyo sababu hapana mkaguzi pia.

Niliona nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kizamani, sakafu ya saruji iliyokwaruzwa, kuta zinataka rangi. Ukutani kulikuwa na chuma cha kushikia kuanzia kitandani hadi chooni, na mzee mmoja alikuwa akikifuata taratibu, kijana wa kazi yuko nyuma yake mikono tayari lakini hamgusi. Nilikaa dakika tano nikaondoka. Ya pili iko upande wa baharini, mivinje mbele, upepo mzuri, na sakafu ya vigae vya kung'aa vya sitini kwa sitini. Nilivitambua kabla sijavua viatu. Nikasema moyoni, mwenye kuweka sakafu hii hana mchezo. Nikalipa mwezi wa kwanza papo hapo, shilingi 65,000.

Mheshimiwa, vigae vile mimi mwenyewe huwakataza wateja kuviweka bafuni. Vikipata maji ni kama sabuni. Nikampeleka mtu anayejifunza kutembea upya akajifunzie juu yake.

Siku ya nne nilifika saa nne asubuhi. Kikombe cha chai ya maziwa kilikuwa juu ya kimeza, upande wa kulia wa kitanda, kimeshaota utando. Mama alikuwa anakitazama. Mkono wake wa kulia ndio uliokufa. Aliyeleta alikiweka karibu kabisa na mkono usiosogea, akaenda zake. Faili ilikuwa imetundikwa miguuni pa kitanda, nikaifungua. Imeandikwa: chai, amemaliza.

Kuanzia siku ile nikawa nasoma faili kabla ya salamu. Maisha yangu ni vitabu vya stoo, hesabu iliyopikwa naijua kwa harufu. Kulikuwa na chati ya kumgeuza mgonjwa, maana asiyejigeuza akilalia upande mmoja muda mrefu damu haipiti, ngozi inakufa, na kidonda kinaanza ndani kabla hakijaonekana nje. Kanuni yao ilikuwa kumgeuza kila saa mbili. Jioni moja, saa kumi, niliikuta chati imeshajazwa mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi ya kesho yake. Kalamu moja, mwandiko mmoja, tiki zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Nikafanya hesabu. Usiku walikuwa wasichana wawili kwa wagonjwa 22. Wasioweza kujigeuza walikuwa 14. Kumgeuza mmoja vizuri na kumbadilisha pampasi ni dakika kumi, na kunataka watu wawili, la sivyo mmemburuta na ngozi imechubuka. Kumi na nne mara kumi ni dakika 140. Saa mbili zina dakika 120. Hata wasichana wale wangekuwa malaika wasiolala, wasioenda msalani, chati ile isingekuwa kweli usiku hata mmoja.

Naomba usinielewe vibaya kuhusu wasichana. Mmoja wao, mtoto wa Kigiriama, ndiye peke yake aliyemlisha mama akiwa amemkalisha wima, kijiko kwa kijiko, akingoja ameze ndipo amuongeze. Baada ya kiharusi koo nalo huweza kulegea; ukimlisha mtu amelala chali, uji unapotea njia unaingia mapafuni. Wenzake walikuwa hawalijui hilo, na sioni wangelijulia wapi. Walivaa sare nyeupe sawasawa na za wauguzi, lakini muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Wauguzi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hivyo kiharusi cha Jumamosi usiku kingemngoja Jumatatu asubuhi.

Kidonda nilikiona wiki ya sita. Kisigino cha kulia, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, cheusi katikati. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, aliniuma kwa maneno: ulikuwa unatazama nini? Akanieleza kwamba vitabu vinasema tafuta wekundu, ila kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani mapema. Inabidi uguse kwa mgongo wa mkono, usikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko penginepo. Na dawa ya kuzuia ni mto mdogo chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani. Mto. Sijui mtu atajitetea vipi kwa kukosa mto.

Mtaalamu wa fizio aliyeahidiwa kila siku alikuwa akija Jumanne na Alhamisi, robo saa. Hili ndilo linaloniuma kuliko kidonda, kwa sababu kidonda kilipona. Sehemu kubwa ya nafuu ya kiharusi hupatikana ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Mama alikaa pale wiki tisa. Na muda wote huo hakupimwa uzito hata mara moja, mizani haikuwapo. Leso aliyokuwa akiifunga ikamtosha sasa ilikuwa inamzunguka na kubaki. Dukani kwetu, Mheshimiwa, hata misumari tunaipima.

Nilipomwomba meneja anionyeshe leseni, alinipeleka mapokezi kwa fahari. Ilikuwa imewekewa fremu. Ni leseni ya biashara ya kaunti, ndugu wa ile tuliyoitundika dukani juu ya mikebe ya rangi.

Ndugu yangu mdogo yuko Marekani, Massachusetts, anafanya kazi ya kutunza wazee kama Wakenya wengi walioko huko. Nilimpigia nikalia. Aliponiacha nikanyamaza akaniambia, dada, kule kwetu ulikagua mchana, na mchana kila nyumba ni nzuri. Akanieleza kwamba huko tangu 2008 serikali huzipa nyumba hizi nyota, moja mpaka tano, na mtu yeyote anazisoma kwenye mtandao. Nyota zinatokana na ukaguzi wa ghafla, idadi ya wauguzi, na hali ya wagonjwa wenyewe: wangapi wamepata vidonda vya kulalia, wangapi wameanguka wakaumia vibaya. Nikamuuliza kama kule hawapiki vitabu. Akacheka sana. Mwanzoni idadi ya wauguzi ilikuwa ni ile nyumba yenyewe inayoitaja, na nyumba kadhaa zilijitajia vizuri mno, ikabidi serikali ihamie kwenye rekodi za mishahara. Mtu asiyelipwa hahesabiwi. Siku hizi hata Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa peke yake, kwa maana walijua mwenye nyumba anabania wapi. Na bado, anasema ndugu yangu, ziko nyumba za nyota nne ambazo yeye hangemlaza paka wake.

Sikuandikii kukuomba nyota za Marekani. Nakuandikia kwa sababu jambo hili Kilifi tulishalifanya na sijui tuliliacha wapi. Mwaka 2016 na 2017 Wizara ya Afya pamoja na Benki ya Dunia walifanya majaribio ya ukaguzi katika kaunti tatu, Kakamega, Meru na hii yetu, kwenye vituo vya afya zaidi ya 1,000, vya serikali na vya watu binafsi. Wakaguzi walikuwa na orodha moja ya alama, kituo kinapewa matokeo yake na muda wa kurekebisha, na katika baadhi ya maeneo matokeo yalibandikwa hadharani mgonjwa ayaone. Vituo vilivyokaguliwa vilipanda kwa usalama wa wagonjwa kuliko visivyokaguliwa. Ilikuwa orodha tu, na mkaguzi anayerudi tena.

Kwa nini nyumba hizi za kutunzia zisiingie kwenye orodha hiyo? Naambiwa si hospitali kamili. Sawa. Ila mtu anawekewa mpira wa mkojo humo, anafungwa kidonda humo, anapewa dawa ya presha humo. Katiba, Nyongeza ya Nne, imewapa nyinyi wa kaunti vituo vya afya, na Kifungu cha 57 kinasema mzee aishi kwa heshima na apate matunzo ya familia yake na ya dola. Na katika kaunti hii, ambako wazee wenye mvi wamelazimika kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kwa kusingiziwa uchawi, mzee asiyelala kwake si habari ya matajiri na Waitaliano wa ufuoni peke yao.

Wakaguzi wako wakienda, waambie wasitazame sakafu. Wafunue shuka watazame visigino na makalio. Waulize usiku wa jana walikuwa wangapi, kisha waombe daftari la mishahara. Watazame kikombe kiko upande gani. Na wadai kipimo cha Barthel cha kila mgonjwa, siku aliyoingia na kila mwezi baada ya hapo. Kipimo hicho kipo tangu 1965, kina mambo kumi ya kawaida ya siku, kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini na kadhalika, jumla alama 100. Hakitaki mashine. Mama alipotoka pale, fizio wa mtaani alimpima kwa mara ya kwanza akapata 25. Alikuwa na ngapi alipoingia? Hakuna ajuaye, kwa hivyo siwezi hata kuwashtaki kwamba walimrudisha nyuma. Asiyepimwa hana kesi, na wao wanalijua hilo kuliko mimi.

Matokeo yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe. Ile nyumba ya kwanza niliyoikimbia, yenye saruji na chuma cha kushikia, labda ingekuwa na karatasi nzuri, nami ningesimama kuisoma. Ama ingekuwa mbaya vilevile, sijui. Nilikaa dakika tano tu.

Mama yuko nyumbani sasa. Tumechukua mkopo wa chama tukajenga choo cha ndani, chuma nimekinunua dukani kwetu kwa bei ya mfanyakazi, na sakafu nimeiacha saruji. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, zikija, huisha kwenye pampasi kabla mwezi haujafika kati. Mpwa wangu amefundishwa mazoezi na yule fizio, humsimamisha mara tatu kwa siku. Juzi alipimwa akapata 45. Kikombe kinawekwa kushoto, na khalati amehamia kwetu kuhakikisha.

Nina maswali mawili, na naomba yajibiwe kwa maandishi: nyumba zinazolaza wagonjwa wa namna hii Malindi zina leseni ya nani, na mara ya mwisho zilikaguliwa lini? Ukiamua kwenda kujionea mwenyewe, jina la ile niliyomweka mama nitakunong'oneza, hapa silitaji. Nenda Jumapili, saa nane usiku, bila kupiga simu. Mimi nitakusindikiza. Tuktuk nitalipa mimi.

Wako,
Karani wa duka, binti wa mgonjwa,
Barani, Malindi.