Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya: Majeraha na Maradhi ya Mishipa ya Fahamu

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba, Assalaam alaykum.

Mwaka huu kamati ilishika jambo moja kuliko yote, nalo ni kuwahi. Mshipa wa fahamu ukikatika mtu hafi, na hiyo ndiyo sababu hupuuzwa. Damu inazuiwa, ngozi inashonwa, mgonjwa anaambiwa ganzi itaondoka yenyewe. Miezi minne baadae anakuja kwetu vidole vimejikunja na nyama ya kiganja imekwisha.

Naomba kila mwanachama aijue hesabu hii. Mshipa wa fahamu ukiota upya huenda kiasi cha milimita 1 kwa siku, yaani sentimita tatu hivi kwa mwezi. Wakati huo msuli unaousubiri unasinyaa, na ukishapita mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hata ukifikiwa hauwezi tena kufanya kazi ya maana. Mshipa wa alna, mmoja wa mishipa mitatu mikuu ya fahamu inayoshuka kiganjani, ukikatwa juu ya kisugudi una zaidi ya sentimita 30 za kwenda mpaka kwenye misuli midogo ya kiganja. Hata ukishonwa siku ile ile, safari yake inazidi miezi 10. Mgonjwa akikaa miezi sita nyumbani anajipaka mafuta, misuli ile hatuidai tena.

Kwa hiyo kadi tuliyoigawa vituoni mwaka huu inaanza na amri moja: pima kabla ya kupiga ganzi. Dawa ya ganzi ikishaingia kwenye kidonda, hakuna atakayejua kama vidole vimekufa kwa dawa au kwa kisu. Gusa taratibu kwa ncha ya pamba. Ncha ya kidole cha shahada ni ya mshipa wa kati, ncha ya kidole cha mwisho ni ya alna, na ngozi ya mgongo wa mkono baina ya dole gumba na shahada ni ya mshipa wa tatu, uitwao redio. Kisha mwambie atanue vidole na kuvipishanisha. Akishindwa, alna ina tatizo. Dole gumba likishindwa kunyooka kwenda nyuma, angalia redio.

Hapa kuna mtego unaowapata hata wazoefu. Wengi humpima mshipa wa kati kwa kumwambia mgonjwa afanye duara kwa dole gumba na shahada. Kisu cha kupasulia samaki kikikata kwenye kifundo cha mkono, duara linafanyika vizuri tu, kwa sababu misuli inayokunja ncha za vidole hivyo imo ndani ya kigasha na hupata mshipa wake juu ya jeraha. Mpimaji anaandika "salama" na mgonjwa anaondoka. Jeraha la kifundoni lipimwe hivi: mkono ulazwe chali mezani, dole gumba liinuliwe wima kuelekea darini, nawe ulisukume chini kwa kidole chako kimoja. Likianguka bila ubishi, au ncha ya shahada ikiwa haisikii, huyo apelekwe kwa mpasuaji. Matokeo yaandikwe pamoja na saa.

Mtoto mdogo hasemi anachosikia. Kidonda kikishafunga, mtumbukizie mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Vidole vyenye mshipa mzima vitakunjamana. Visivyokuwa nao vitabaki laini. Ngozi yake pia huwa kavu, haitoi jasho.

Si kila jeraha hukimbiliwa kwa kisu cha mpasuaji, na hili limezusha mabishano katika vikao vyetu vya Chake Chake, kwa hiyo nalieleza. Mpasuaji wa Kiingereza Seddon mwaka 1943 aliyagawa majeraha haya mafungu matatu. La kwanza mshipa umebanwa tu, nyuzi zake ni nzima, na hurudi kwa wiki kadhaa hadi miezi mitatu. La pili nyuzi zimekatika lakini ala iliyozifunika ipo, kwa hiyo zinaota ndani ya njia yake. La tatu mshipa wote umekatika, na huo haurudi bila kushonwa. Panga, kisu na kioo kilichovunjika karibu kila mara ni fungu la tatu: mshipa ushonwe ndani ya siku chache, ncha bado hazijarudi nyuma. Mfupa wa mkono wa juu uliovunjika na kifundo kikaanguka ni kinyume chake. Wengi hupona wenyewe, na kazi yetu ni kumvalisha gango linaloinua kifundo huku tukimhesabia miezi. Ikifika miezi mitatu bila dalili yoyote, asiendelee kusubiri.

Dalili hiyo mnaweza kuifuatilia nyumbani kwa kipimo cha Tinel, kinachojulikana tangu 1915. Gonga kwa ncha ya kidole kuanzia vidoleni kupanda juu, ukiufuata mshipa. Pale mgonjwa anapohisi vijisindano vinaruka kwenda vidoleni, weka alama ya kalamu na pima umbali kutoka kwenye kovu. Rudia kila mwezi. Alama ikisogea sentimita mbili au tatu, mshipa unaota. Ikiganda pale pale kwenye kovu, mara nyingi ncha imefanya fundo, na karatasi hiyo ya vipimo ndiyo ya kumwonesha mpasuaji.

Upasuaji wenyewe unahitaji darubini na uzi wa nailoni wa namba 8-0 hadi 10-0, mwembamba kuliko unywele. Kinachouharibu zaidi ni kuvuta ncha kwa nguvu ili zikutane; panapovutwa hufanya kovu na kovu huziba njia. Nafasi ikiwa kubwa, huchukuliwa kipande cha mshipa wa fahamu wa nyuma ya mguu, uitwao "sural", na mgonjwa aambiwe mapema kwamba upande wa nje wa unyayo utabaki na ganzi.

Msimu wa karafuu una jeraha lake. Mchumaji anayeteleza akadaka tawi kwa mkono mmoja huvuta mizizi ya chini ya mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi, na kiganja ndicho kinachokufa. Dereva wa bodaboda anayeangukia bega huvuta mizizi ya juu. Bega na kukunja mkono ndivyo vinavyopotea. Mtazameni jicho la upande ulioumia. Kope ikilegea na mboni ikiwa ndogo, inaelekea mizizi imeng'oka kwenye uti wa mgongo, na kungoja hakutamsaidia. Awahishwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwenye taasisi ya upasuaji wa mishipa ya fahamu iliyofunguliwa 2014. Mkono ufungwe kifuani, asinyanyuliwe kwa kuvutwa mkono.

Kuhusu sindano za makalioni, msimamo wetu haujabadilika: mtoto mchanga achomwe upande wa nje wa paja. Mchomwaji yeyote akisikia umeme unashuka mguuni, sindano itolewe hapo hapo, dawa isimalizwe.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kukanda. Mkono usiosikia unakandwa kwa maji ya moto kila jioni, mwenyewe anasema bado hayajafika moto, asubuhi ngozi imevimba malengelenge. Kukanda hakuoteshi mshipa. Maji yapimwe kwa mkono mzima, na sufuria ishikwe kwa kitambaa kinene, kila siku bila kusahau.

Wenye kisukari wamekuwa wengi katika mikutano yetu ya shehia. Unyayo upimwe kwa uzi wa gramu 10, yaani uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye ngozi mpaka upinde kuona kama mtu anasikia, angalau mara moja kwa mwaka. Na kwa kuwa tunatawadha mara tano, udhu mmoja kwa siku, wa mchana penye mwanga, uwe wa kuangalia: baina ya vidole, kisigino, chini ya dole kubwa. Makubadhi yavaliwe mpaka mlangoni mwa msikiti. Sakafu ya uwanja adhuhuri inaunguza unyayo na mwenyewe hajui. Anayetumia metformini miaka mingi amwulize daktari kuhusu vitamini B12, na anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi aulizie vitamini B6, kwani isoniazidi huipunguza mwilini.

Ukoma bado upo, na tuache kuuficha. Baka lisilosikia, au mshipa uliovimba nyuma ya kisugudi, dawa yake ni ya bure na hutumiwa miezi 6 au 12. Mshipa ukianza kuuma na mkono kulegea katikati ya dawa, dawa isiachwe. Mgonjwa arudi wiki hiyo hiyo apewe prednisoloni. Udhaifu uliotokea chini ya miezi sita mara nyingi hupungua.

Na miguu ikilegea yote miwili, udhaifu ukapanda siku hadi siku kuelekea mikononi, hiyo ni dharura. Misuli ya kupumulia inaweza kufuata. Kumsomea mgonjwa ni kheri, lakini asomewe akiwa kitandani hospitali.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba ridhaa yenu kwa mambo mawili: kuchapisha upya kadi ikiwa na kipimo cha dole gumba, na kutenga sehemu ya ada kwa nauli ya boti ya wagonjwa wa Pemba wanaopelekwa Unguja, pamoja na mtu mmoja wa kufuatana nao. Mahesabu atayasoma mshika fedha. Fomu za kuandikisha wagonjwa wenye majeraha ya chini ya miezi mitatu ziko kwa katibu. Naomba zijazwe leo, kabla ya kuondoka ukumbini.