Uzi wa meno nao uongelewe

Mhariri, nimesoma taarifa yenu ya afya ya kinywa, mmeongelea mswaki mwanzo mwisho ila uzi wa kusafishia meno hamjaugusa kabisa, na hapo ndo shida ilipo. Mswaki haufiki katikati ya jino na jino, uchafu unabaki pale unaganda unakuwa ugaga, fizi zinavimba zinatoa damu, na ugaga ukishaganda mswaki hauutoi tena mpaka daktari aukwangue. Sisi tukimaliza nyama choma tunachokonoa na kijiti basi, kijiti chenyewe kinachoma fizi!

Naomba Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, Machi 20, madaktari wakienda mashuleni wasiishie kwenye miswaki, wawaonyeshe watoto na uzi: kama sentimita 45, unazungushia vidole vya kati, unapitisha taratibu ukilikumbatia jino, kila siku mara moja.

Msomaji wenu, Dodoma