Barua kwa Zaituni: "put off" na "call off"

Mwanga, Kigoma

Zaituni mpendwa,

Sisi huku wazima. Dagaa wameadimika kwa sababu ya mbalamwezi, lakini hatujalala njaa. Nije kwenye swali lako, kwamba "put off" ya Kiingereza ina maana gani na hutumikaje, kwa sababu usaili wako wa kazi ya hotelini umekaribia na mtu wa mapokezi hawezi kulikwepa neno hili.

Usiitafute maana ndani ya "put" peke yake. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, na hakuna anayeumia. Neno linalofuata ndilo linaloamua. Kwa Kiingereza vilevile: "put on" ni kuvaa, "put out" ni kuzima moto, "put off" ni kuahirisha. Yakariri yakiwa pamoja.

Linalonitia wasiwasi hasa ni watu kulichanganya na "call off", ambalo ni kufuta kabisa. Chukulia mgeni anataka kwenda Gombe kuona sokwe, na ziwa limechafuka, boti haiwezi kutoka. Ukimwambia "The trip has been put off until tomorrow", atalala, na asubuhi atakuja na begi lake kuulizia boti. Ukisema "called off", atadai hela yake na kufunga mizigo, na atakuwa na haki. Neno moja dogo, safari nzima imepotea!

Mpangilio nao una sheria zake. "We put off the meeting" na "We put the meeting off" zote ni sahihi. Ila "it" lazima ikae katikati: "We put it off". Na kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "She put off travelling", kamwe si "put off to travel". Hapa wengi tunateleza, kwa kuwa sisi husema "aliahirisha kusafiri", na ile "ku" tunaigeuza kuwa "to".

Halafu kuna "The smell put me off", yaani harufu ilinikata hamu. Mgeni akisema hivyo kuhusu dagaa wa kukaanga, hajaahirisha chochote, hatawala, basi. Mletee kitu kingine.

Tunga sentensi zako mwenyewe, za treni ya Tabora na maembe ya kwenu, unitumie kwenye simu nizisahihishe kabla ya usaili. Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Rafiki yako,
Asha