Barua kwa Mwanangu: Amri ya Mfupa kwa Figo

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Uliniuliza kwa nini daktari wa figo amemkataza bibi yako soda nyeusi na soseji, ilhali hana kisukari. Jibu limo ndani ya mifupa yake, nami nakuomba ulisome kwa utulivu, kwa kuwa ni wewe unayemnunulia mahitaji.

Mfupa haubebi mwili tu, bali pia hutengeneza homoni. Seli zilizofukiwa ndani yake, ziitwazo osteositi, hutoa homoni iliyopewa jina la FGF23 mwaka 2000. Fosfeti, yaani madini ya fosforasi tunayopata katika chakula, inapozidi mwilini, homoni hiyo hupita katika damu hadi kwenye figo, ikaziamuru zitoe fosfeti zaidi kwa mkojo na kupunguza vitamini D iliyo tayari kutumika, ili utumbo nao usiendelee kufyonza fosfeti kwa wingi. Figo huipokea amri hiyo kwa msaada wa protini iitwayo Klotho, ambayo Makoto Kuro-o na wenzake waliieleza mwaka 1997.

Figo zinapoanza kudhoofika, Klotho hupungua, na mfupa hulazimika kumwaga homoni nyingi zaidi ili kazi ileile ifanyike. Ndiyo maana FGF23 hupanda mapema, wakati kipimo cha fosfeti katika damu bado ni cha kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, kwa panya, homoni hii ikizidi hufika hadi kwenye moyo na kuunenepesha msuli wa chumba chake cha kushoto, tena bila kuhitaji Klotho. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana wagonjwa wengi wa figo hufa kwa maradhi ya moyo kabla figo zao hazijashindwa kabisa.

Maharage nayo yana fosfeti, lakini utumbo huweza kuchukua sehemu yake tu; ile inayoongezwa kiwandani, kama katika soda nyeusi na soseji, hufyonzwa karibu yote. Kwa hiyo ukiwa dukani geuza pakiti usome viambato, na ukikuta namba za fosfeti ya kuongezwa, yaani E338 hadi E341, au E450 hadi E452, irudishe rafuni. Vidonge vyake vya kuzuia fosfeti avimeze wakati anapokula, kwa sababu huinasa fosfeti humohumo tumboni, kabla haijaingia kwenye damu.

Wako akupendaye,
Baba