Ngazi si kifaa cha kupigia picha kiota cha mwewe

Ndugu Mhariri,

Mwewe, kipanga au bundi akitaga kwenye mti wa uani, habari husambaa haraka, na hazipiti siku nyingi kabla mtu hajaleta ngazi. Naandika kuipinga ngazi hiyo. Huruma kwa ndege ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba picha ya kwenye ngazi huwa mbaya: makinda wamejibana sakafuni mwa kiota, macho yamewatoka kwa hofu, na mama hayupo. Anayetaka picha nzuri ana mambo mawili ya kuyapanga kabla hajaigusa kamera, nayo ni umbali wake kutoka kwenye mti na umri wa makinda.

Nianze na umbali, maana wengi hudhani ukaribu ni faida. Chukua kiota kilichoko mita 12 juu ya ardhi. Mtu akisimama mita 12 kutoka kwenye shina, anakitazama kwa mwinuko wa nyuzi 40 hivi, na anachokiona ni vijiti vya chini na labda ncha ya mdomo mmoja. Akirudi nyuma hadi mita 30, mwinuko unashuka mpaka chini ya nyuzi 20, na vichwa vya makinda vinaanza kujitokeza juu ya ukingo. Kadiri anavyorudi nyuma ndivyo anavyoona zaidi. Dirisha la ghorofani lililo usawa wa kiota linapita sehemu nyingine zote, kwa sababu ndege amekwisha kuizoea nyumba na watu wake kabla hajaleta kijiti cha kwanza.

Umbali huo unataka lenzi ndefu. Kwa kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa ya upana wa milimita 36, lenzi ya milimita 600 kutoka mita 30 hivi hukamata upana wa karibu mita 2. Kamera yenye sensa ndogo ya milimita 24 hivi inapata upana uleule kwa lenzi ya milimita 400. Kiota cha sentimita 60 kitachukua kama theluthi ya picha, na kingo zinaweza kukatwa baadaye bila hasara kubwa. Asiye na lenzi ya namna hiyo aiweke simu kwenye kioo cha darubini ya jicho moja iliyosimama imara kwenye stendi. Picha haitakuwa kali sana, lakini familia nzima itaonekana ikiendelea na shughuli zake.

Dirisha lifunguliwe. Lenzi ndefu ikipita kwenye kioo kwa mshazari hupoteza ukali wote, na hakuna programu itakayourudisha. Taa za chumbani zizimwe, pazia liachwe na upenyo wa kutosha lenzi tu, na mpiga picha akae ndani kidogo badala ya kutoa kamera nje ya dirisha. Stendi ya miguu mitatu isimame mahali pamoja msimu mzima. Kitu kisichohama ndege hukizoea. Humstua kile kinachotokea ghafla, hata kikiwa kofia nyekundu tu.

Umri wa makinda ndio jambo zito zaidi. Kwa mwewe na vipanga wengi, mayai huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja. Jike hutaga kwa kupisha siku, mara nyingi mbili kati ya yai na yai, na huanza kuatamia kabla hajamaliza. Ndiyo maana makinda hutofautiana ukubwa tangu mwanzo, na chakula kikipungua yule mdogo husukumwa, hudonolewa na pengine hufa. Kwa baadhi ya tai wakubwa, kinda wa kwanza humuua mdogo wake hata kama chakula kipo. Inauma kutazama, lakini si kazi ya mwenye kamera kuingilia.

Katika siku za kuatamia na wiki mbili za kwanza baada ya kuanguliwa, kiota kitazamwe kwa darubini tu, tena kutoka ndani ya nyumba. Kinda wa siku hizo ana malaika meupe mwilini, yaani manyoya laini ya utotoni, na hawezi kujitunzia joto. Asubuhi mama humfunika kwa tumbo lake. Jua likipanda, mama husimama ukingoni amekunjua mabawa kidogo, mgongo ukielekea jua, na makinda wote wamejipanga kwenye kivuli chake. Mstue wakati huo, uone: makinda wanabaki wazi, midomo wazi, wanahema. Kunguru naye anayeshinda jirani hahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo. Kwenye hatua ya mayai hatari ni nyingine. Jike aliyekurupuka huweza kulipiga yai kwa mguu likaanguka, na mayai yaliyobaki hupoa au kuungua na jua.

Wakati mzuri wa picha huanza mwishoni mwa wiki ya pili. Vijiti vya manyoya mapya vimetokeza kwenye mabawa, kichwa bado cheupe, na kinda anaanza kusimama kwa miguu badala ya kukalia visigino. Mama anachana nyama vipande vidogo kama punje ya harage na kuinamisha kichwa pembeni ili mdomo mdogo ufikie. Kinda akishiba, uvimbe wa chakula unaonekana wazi chini ya shingo. Kisha anarudi kinyumenyume hadi ukingoni, anainua mkia na kurusha kinyesi nje kwa nguvu. Picha ya tendo hilo wengi huikosa kwa sababu hawajui dalili zake. Atakayemwona kinda akijongea kinyumenyume na aweke kidole tayari.

Kinyesi hicho pia ni kalenda. Mwanzoni chini ya mti kuna matone machache meupe karibu na shina. Kadiri makinda wanavyopata nguvu, duara jeupe hupanuka na matone yanarukia mbali zaidi. Kwa kulitazama duara kila siku, pamoja na kuhesabu muda ambao mama anakaa nje ya kiota, mtu anaweza kukadiria umri bila kupanda popote. Kwa bundi kuna ishara nyingine, matonge ya manyoya na mifupa anayoyatapika. Vipanga na mwewe nao hutapika matonge, ila mifupa ndani yake ni michache kwa kuwa matumbo yao huiyeyusha.

Kipindi hiki cha picha huisha mapema, na hapo ndipo ngazi huua. Kinda aliyekaribia kuruka, mwenye manyoya karibu kamili lakini mkia mfupi, akiona kichwa cha mtu ukingoni hajibani tena. Anaruka. Mabawa hayajakomaa, anaanguka kwenye ukuta, barabarani au mdomoni mwa mbwa. Vipanga wadogo huondoka kiotani wakiwa na siku 24 hadi 30, mwewe baada ya wiki sita hadi saba, tai wakubwa wiki kumi au zaidi. Kwa hiyo kwa mwewe kuna kama wiki tatu za kupiga picha kwa utulivu, kati ya siku ya 15 na ya 35. Kwa kipanga mdogo ni wiki moja tu, siku ya 14 hadi 21. Baada ya hapo mpiga picha arudi nyuma zaidi, wala asijaribu kusogea.

Kuhusu mwangaza, makosa ni mawili. Malaika meupe yakipigwa na jua kamili huungua na kuwa doa lisilo na alama yoyote, kwa hiyo mwangaza upunguzwe theluthi mbili za stopu, kipimo cha mwangaza kwenye kamera. Kiota kikiwa na anga nyeupe nyuma yake, kamera hudanganyika na kuwafanya ndege weusi tii. Hapo uongezwe stopu moja hadi moja na nusu. Kinda aliyetulia anatosha kwa kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde kamera ikiwa kwenye stendi. Anayejaribu mabawa anataka 1/1000, na mzazi anayeingia na windo anataka 1/2000. Fokasi iwe ya nukta moja, juu ya jicho, vinginevyo kamera itashika jani lililo mbele. Mchana jua likiwa kali hewa juu ya mabati na saruji hucheza, na picha zote hutoka kama zimepigwa ndani ya maji. Zima kamera, subiri jioni.

Asubuhi na jioni ndiko chakula kinakoletwa zaidi. Katika wiki za mwanzo dume ndiye mwindaji. Hutua kwenye tawi la jirani, hunyonyoa windo lake, huita, na jike humfuata kulipokea. Tawi hilo la kunyonyolea, ambalo utalijua kwa manyoya yaliyotapakaa chini yake, ni mahali bora pa kuelekeza lenzi kuliko kiota chenyewe, nami nashangaa kwa nini wachache hulitafuta.

Uani ambako hakuna dirisha la kufaa, kibanda cha turubai husaidia. Kisimamishwe mbali, kisha kisogezwe mita chache kila baada ya siku mbili, na kila mara mtu atazame kutoka mbali kama wazazi wamerudi. Wasiporudi ndani ya nusu saa, kibanda kirudi kilipokuwa. Kuna mbinu ya zamani inayofanya kazi: waingie watu wawili, mmoja atoke na kuondoka waziwazi. Ndege humwona anayekwenda zake na kutulia, kana kwamba kibanda ni kitupu.

Dalili za kuudhika si ngumu kuzisoma. Mzazi anasimama wima, manyoya yamebana mwili, anakutumbulia macho. Analia kwa mkato, mara nyingi mfululizo. Au anazunguka angani na chakula kwenye kucha bila kukishusha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana kila dakika ni chakula kilichocheleweshwa. Kinda aliyekosa chakula huota manyoya yenye mstari hafifu wa kukatiza, na unyoya huo huweza kuvunjika hapohapo baadaye. Picha kali ya bawa huonyesha mstari huo waziwazi.

Wazazi nao hushambulia, hasa makinda wakikaribia kuruka, na kwa kawaida hupiga kisogo. Mwaka 1937 mpiga picha Mwingereza Eric Hosking alipoteza jicho la kushoto kwa kucha za bundi karibu na kiota huko Wales. Anayelazimika kupita chini ya mti avae kofia ngumu au abebe mwavuli. Usiku flashi isitumike. Kwa bundi, kamera ndogo yenye taa ya infraredi ya nanomita 940 haionyeshi mwanga wowote, tofauti na ile ya nanomita 850 yenye mng'ao mwekundu. Droni isiruke karibu na kiota hata kidogo, kwani mzazi huichukulia kuwa adui.

Majani yanayoziba yasikatwe. Yanaudhi kwenye picha, najua, lakini ndiyo kivuli cha makinda na ndiyo yanayowaficha kunguru wasiwaone.

Kinda akikutwa chini, kwanza atazamwe bila kuguswa. Akiwa na manyoya, macho maangavu, mabawa yamekaa sawa na anasimama, yuko kwenye mafunzo. Paka na mbwa wafungiwe, watu waondoke, wazazi watamlisha hapohapo. Kinda wa bundi huweza hata kupanda mti mwenyewe kwa kucha na mdomo. Akiwa bado na malaika matupu, arudishwe. Kama kiota hakifikiki, kikapu chenye matundu chini kifungwe imara kwenye mti huohuo, kitandikwe vijiti, naye awekwe humo. Wazazi watamfuata kwa sauti yake. Si kweli kwamba watamkataa kwa sababu ameshikwa na mtu. Glavu nene zivaliwe, maana kucha zake ni kali tangu utotoni. Asinyweshwe maji wala maziwa, wala asilishwe mkate. Akiwa ameumia, boksi lenye giza na matundu ya hewa, kitambaa chini, kisha daktari wa mifugo au maofisa wa wanyamapori.

Na sumu ya panya iondolewe uani na kwa majirani. Zile zinazozuia damu kuganda, kama brodifakumu, hubaki mwilini mwa panya aliyekula. Panya huyo mlegevu ndiye anayekamatwa kwa urahisi na kupelekwa kiotani. Mitego ya kawaida inatosha kwa msimu mmoja. Mwenye vifaranga vya kuku naye avitie kwenye banda la wavu. Ni rahisi kuliko kugombana na mwewe mwenye watoto watatu.

Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako pia. Picha ya kiota ikiletwa, iulizwe imepigwa kutoka wapi na kwa lenzi gani, na maelezo chini ya picha yaseme hivyo. Jina la mtaa lisichapishwe makinda wakiwa bado kiotani. Toleo la mtandaoni liondoe data za mahali zilizofichwa ndani ya faili, kwa kuwa simu nyingi huandika latitudo na longitudo bila mwenyewe kujua, na wezi wa makinda husoma. Na ikionekana wazi kwamba picha imepigwa kutoka juu ya kiota, kwa ngazi au droni, isichapishwe.

Makinda wakisha kuruka, wazazi huendelea kuwalisha kwa wiki kadhaa, hivyo uani hapatakuwa kimya mara moja. Wakishaondoka kabisa, mti upogolewe kama ni lazima, lakini panda yenye kiota iachwe, kwa sababu ndege wengi wa jamii hii hurudia kiota kilekile au hujenga karibu nacho. Huo ndio wakati wa kufunga kamera ya kudumu juu ya mti, nyaya zikibanwa kwenye shina. Ukiacha kumrudisha kinda aliyeanguka, huo ndio wakati pekee ambao ngazi ina kazi.

Mpenzi wa ndege wawindaji