Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: ile chupa namba 14 ya maji ya kupimwa ilienda wapi?

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Kayole, Nairobi. Najua uko bize, lakini hii isome hata kama ni ukiwa umekwama kwa jam.

Huku kwa ploti yetu maji ya mfereji yakija ni usiku, mara moja kwa wiki, yakikosa hiyo siku ni kununua mtungi kwa mtungi kwa watu wa mkokoteni. Kwa hivyo hatumwagi maji ovyo. Ya kusuuzia nguo yanafua matambara, hayo hayo yanapiga deki, na yakishakuwa meusi kabisa yanaenda choo. Mwaga beseni ya mama fua kabla hajamalizana nayo uone vile atakuangalia. Sasa mtu akisema eti wananchi wahamasishwe kutumia maji mara ya pili mimi huwa nacheka tu, hiyo digrii tuko nayo kitambo. Kitu hatujui ni maji gani ni salama kwa kazi gani.

Mwaka juzi walikuja vijana wa chuo fulani pale chini mtoni, pale majamaa huvuta maji na pampu wakimwagilia sukuma wiki. Wakajaza chupa, wakaandika namba na kalamu nyeusi, wakatuuliza maswali karibu saa nzima, mnaharisha mara ngapi kwa mwezi, watoto wamepewa dawa ya minyoo lini, mama mmoja akawapa hadi chai. Wakaenda, na majibu hatujayaona mpaka leo. Sukuma bado inauzwa hapa steji na mimi bado nainunua, nifanyeje.

Na si eti haya mambo hayapimiki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2006, maji ya kumwagilia mboga yasizidi yai moja la minyoo kwa lita. Yai moja! Yale mabwawa ya Ruai ya kusafisha majitaka ya Nairobi yako na hiyo kazi, majitaka yanatulia siku nyingi, mayai ya minyoo ni mazito yanazama, jua na muda vinamaliza vijidudu, halafu maji yanaachiliwa mtoni. Lakini jua haliui madini ya sumu kama risasi na kromiamu, kwa hivyo kiwanda kikimwaga kemikali kwa paipu moja na choo changu, hapo hata bwawa halina msaada.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, walishtukia hiyo mapema. Wako nchi kame, mto wa maji ya mwaka mzima uko mbali sana nao, na tangu 1968 wanasafisha majitaka mpaka yanakuwa ya kunywa, mtambo wao mpya ulianza 2002, maji yanapitia ozoni, kaboni na vichujio vya matundu madogo ajabu. Lakini kwanza majitaka ya viwanda waliyatenga na ya nyumbani. Sisemi tuanze kunywa kesho, mimi mwenyewe mngenibembeleza kidogo. Nasema ya kuflashi choo, ya shamba, ya kujengea, maana hizi ghorofa zinaota huku Eastlands kila siku na simiti inachanganywa na maji ya boza masafi kuliko ya kwangu ya kupikia chai.

Ombi langu ni moja. Mtu yeyote akiruhusiwa kuja kupima maji yetu, apewe sharti la kurudisha matokeo, kwa Kiswahili, karatasi moja tu, ibandikwe pale kioski ya maji tunapopanga laini. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema ni haki yetu kupata maji safi na salama, sasa hiyo salama nitaijuaje kama majibu yanaishia kwa shelfu ya mtu?

Chupa yetu ilikuwa namba 14, niliiona kwa macho yangu ikiandikwa. Watu wako wakiipata, watuambie ilisema nini.

Ni mimi,
Mpangaji, Kayole