Aliyeniandikia naye aulizwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie hizi programu mpya zinazoiruhusu akili mnemba kupekua meseji za mtu, za miaka yote, na kumjibu maswali yake. Vijana wanazisifia sana. Mimi nimeiona moja ikifanya kazi na nina la kusema.

Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama hapa Ujiji. Wengi wetu ni wafanyabiashara wa dagaa: tunanunua Kibirizi na Katonga, tunaanika, tunafunga magunia ya Dar es Salaam. Daftari la kikundi lipo, lakini mambo yenyewe yamo kwenye simu yangu: nani amerejesha, nani anaomba avumiliwe, nani hataki mumewe ajue ana hisa ngapi. Mtoto wa dada yangu, aliyesomea kompyuta, alikuja likizo akanikuta nasogeza meseji kwa kidole natafuta malipo ya zamani. "Mama mdogo, mbona unajitesa?" Akaunganisha simu yangu na kompyuta yake, programu ikanakili mazungumzo, ikayapanga, akaniambia niulize nitakacho.

Nikauliza ni nani hawakumaliza marejesho kipindi ziwa lilipofungwa. Wasomaji wa huku hawajasahau: mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na sisi wa dagaa tukabaki kutazamana. Jibu lilikuja hata miwani sijaiweka sawa. Majina, kiasi cha fedha, na chini yake meseji zenyewe. Mojawapo haikutaja mkopo wala deni. Ilisema tu, "Dada, lile jambo letu nivumilie mpaka boti zirudi majini." Ikaelewa! Kijana akanieleza kwamba programu hizi hazifuati neno kwa neno. Kila meseji inageuzwa kuwa safu ya namba zinazobeba maana yake, na zenye maana zinazokaribiana huibuka pamoja. Nilivutiwa, siwezi kuficha.

Iliyofuata ilikuwa ya mwanachama mwingine. Aliniandikia usiku kunieleza kwa nini atachelewa: ugonjwa, jina la dawa anazotumia, na kwamba nyumbani kwake hakuna anayejua. Iko pale kwenye kioo, na kijana anaisoma. Nikafunga kompyuta.

Mhariri, aliyebonyeza kukubali ni mimi. Yule mama hakuulizwa na mtu. Meseji zilizomo kwenye simu yangu, nyingi sikuziandika mimi. Nimeandikiwa, na kila aliyeandika aliniandikia mimi, hakuiandikia mashine. Mpwa wangu akanikumbusha kuwa WhatsApp tangu 2016 inafunga ujumbe kutoka simu hadi simu. Ni kweli, lakini umefungwa njiani. Ukishafika kwangu unasomeka, na programu inausomea hapohapo. Tena hata kama nakala zinakaa kwenye kompyuta yake, zile meseji zinazochaguliwa kwa ajili ya swali langu zilikuwa zinatumwa kwa akili mnemba iliyo kwenye mitambo ya kampuni nje ya nchi, ndiko jibu linakotungwa. Zipo zinazofanya kazi yote ndani ya kompyuta bila kutuma kitu, ila zinataka mashine yenye nguvu, na ile ya kijana wetu hata ikifungua video inahema.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za miamala ya fedha kuwa nyeti. Kikoba kimejaa hizo mbili.

Kuna na jambo la pili, ambalo naona wasifiaji wanaliruka. Simu yangu haina meseji za watu wema tu. Nani hajawahi kupata ile ya "ile hela itume kwenye namba hii"? Mimi naipuuza au naipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, kwa sababu nakijua kiswahili cha matapeli. Je, msaidizi wa akili mnemba akiulizwa "namba ya kutuma rambirambi ni ipi", na tapeli ametuma yake wiki hiyohiyo? Wataalamu wenyewe wanakiri kuwa mashine hizi zinaweza kuchukua maneno yaliyo ndani ya ujumbe zikayatii kama amri ya mwenye simu. Kama imepewa na ruhusa ya kutuma ujumbe kwa niaba yangu, basi mtu yeyote mwenye namba yangu ana njia ya kuiagiza. (Na namba ya mhazini wa kikoba Ujiji nzima wanayo.)

Sisemi zipigwe marufuku. Nataka anayezitengeneza azitoe zikiwa zimefungiwa mazungumzo yote, mwenye simu ayafungue moja moja, na programu zisome tu zisitume. Na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa lugha tunayoongea sokoni, useme wazi: mhazini wa kikundi akitaka kutumia programu hizi, anahitaji idhini ya wanachama au hahitaji? Ya maandishi au ya kunyoosha mkono kikaoni?

Kwa sasa nimemruhusu kijana aunganishe lile kundi la risiti za malipo peke yake, baada ya kuwauliza wenzangu Jumamosi kwenye kikao. Wawili walikataa, kwa hiyo risiti zao natafuta kwa kidole.

Mhazini wa kikoba,
Ujiji, Kigoma
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)